Askari Aliyeng'ang'ania Mtumbwi

Mimi sikubali kufanya jubilei ya ndoa na mwanamume wa watu. Ndivyo nilivyosema pale stesheneri kwa Yusuf, mtaa wa Mlabani, na wala sikunong'ona.

Jubilei yetu ilikuwa Jumapili. Binti yetu Noela alitaka bango la ukumbini, mimi na baba yake enzi za ujana, pamoja. Mimi picha ninayo: nimekaa kwenye stuli, mikono mapajani, msichana kwelikweli. Za mume wangu Fulgensi zote zilikwenda na mafuriko. Ilibaki moja tu, ya vita vya Kagera: askari wamejaa kwenye mtumbwi, wanavuka mto. Miaka yote imening'inia sebuleni, na miaka yote Fulgensi anaonyesha yule aliyekaa mbele na bunduki mgongoni. "Mimi huyu." Picha yenyewe ndogo, kofia ya chuma imemfunika mtu mpaka puani, nani abishe? Jirani yangu Serafina aliwahi kubisha. Nilimnunia msimu mzima wa mpunga.

Sasa Yusuf akaikuza kwenye kompyuta. Weee! Yule shujaa wa mbele ameng'ang'ania ubavu wa mtumbwi kwa mikono miwili, meno nje, kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

"Simama hapo hapo, Yusuf. Huyu si mume wangu."

"Mama Noela, vita vile," Fulgensi akasema. "Kulikuwa na baridi."

"Baridi ya kushika mtumbwi? Wewe, mtoto wa Kivukoni? Mama yako alikuvusha mto kwa mtumbwi ukiwa mgongoni, hata kutembea hujajua! Kuku wetu wenyewe hawaogopi mtumbwi hivyo!"

Noela akaziba mdomo asicheke. Yusuf akajitia kufuta vumbi kwenye kioo.

Nikavaa miwani, nikawapekua wengine. Wote wameshika ubavu, wote roho mkononi. Isipokuwa mmoja, huko nyuma kabisa, nusu amekatwa na ukingo wa picha. Amesimama. Suruali kaikunja, miguu mitupu, vidole vimetanuka, magoti kayalegeza, na ameshika pondo, ule mti mrefu, anasukuma mtumbwi. Uso hauonekani, ni mgongo tu na sikio moja. Nikavitazama vile vidole vya miguu. Nikamgeukia Fulgensi, naye akaanza kuchunguza viatu vyake.

"Baba Noela, huyu nani?"

"Huyo mpiga pondo tu."

"Nimeuliza nani."

Akajikuna shingo. "Ningewaambia nini watu? Wenzangu wanasimulia mizinga. Mimi nimesafiri nchi nzima kwenda kusukuma mtumbwi, kazi niliyoiacha hapo Kivukoni?"

Jamani, hasira zilinipanda! Wajukuu nimewasimulia habari za mwoga nisiyemjua! Kila Jumamosi nimemfuta vumbi, nimemnyooshea fremu, kumbe mume wangu yuko pembeni ananitazama tu!

"Na hao watu," nikamuuliza kwa ukali, "uliwazamisha?"

Hapo mzee akainua kichwa, macho yamewaka. "Nizamishe mtumbwi? Mimi? Nani kakwambia? Mto umefurika, mvua inanyesha, nimewavusha mpaka viganja vikachubuka! Hakuna aliyelowa hata kamba ya kiatu! Mimi nizamishe mtumbwi!"

Watu wote dukani wakageuka. Nikamtazama alivyosimama, kifua mbele, magoti kayalegeza bila mwenyewe kujua, na hasira zangu zikaisha. Nilimpendea hilo huyu mwanamume. Nilikuwa nimelisahau.

"Yusuf, weka huyo wa nyuma."

"Lakini mama, hana uso."

"Uso ninao nyumbani. Weka mgongo."

Jumapili wazee wa Kivukoni waliingia ukumbini, na kabla hawajasoma jina lolote wakasema, "Fulgensi huyo." Fulgensi akawa anapita kila meza eti anasalimia, huku anawageuza watu waelekee bango. Serafina akanisogelea na kuninong'oneza, "Si nilikwambia?" Nikamwongezea pilau ili anyamaze.

Bango lilitoka zuri sana. Askari wote Yusuf kawaondoa. Pale mbele, alipokuwa amekaa yule mwoga, kanipandisha mimi na stuli yangu. Maji yamejaa pande zote, na mume wangu yuko nyuma anasukuma. Mikono yangu iko mapajani.