Siku ya Posa ya Garima

Rachna alikuwa hatulii. Akikaa, anainuka; akiinuka, anachungulia dirishani; akirudi, anamdaka mwanawe Ojas kabla hajagonga kichwa kitandani. Chini uani, wageni kutoka Rohtak walikuwa wakila kachori na kucheka. Walikuja kumposa wifi yake, Garima, na mama mkwe alikwisha kutoa amri: "Wewe na mtoto mkae huko huko juu. Nitasema una homa."

Na ni mama mkwe huyo huyo ambaye, Ojas alipozaliwa, alizunguka nusu ya mji wao wa Bhiwani akijigamba. "Mmeona kichwa hicho? Kichwa cha tajiri! Hesabu za duka zima zitaenea humo!" Kichwa kikazidi kukua, miguu ikagoma. Sasa Ojas ana miaka minne, anatembea akiyumba, na kila akianguka na kujigonga hupoteza kitu: leo maneno, kesho nguvu ya kushika kijiko.

Mwezi uliopita Daktari Thampi, anayechunguza damu za watoto wa namna hii kule Delhi, aliwapa majibu. Rachna anayo kasoro katika damu, mumewe anayo pia. Wenyewe wazima kabisa, ila mtoto kairithi pande zote mbili.

"Lakini daktari, sisi hatuoani ukoo mmoja," Rachna alilalamika. "Wazee walichambua koo zetu kama mchele!"

"Ukoo mmeukwepa, dada, jamii ni ile ile. Wengi wenu mnayo na hamjijui. Hata wifi yako huenda anayo. Aje apimwe kabla hajaolewa, na mchumba wake pia."

Rachna alipolifikisha neno hilo nyumbani, mama mkwe alimkatiza. "Upime damu ya binti yangu, mji mzima ujue? Nani atamwoa? Fungua mdomo uone!" Mumewe aliinamisha kichwa, basi. Rachna akanyamaza, na tangu siku hiyo usingizi ukamkimbia. Kila alipomwona Garima akijaribisha bangili mpya, alijichukia.

Aliposogea tena dirishani, alimwona dereva wa wageni akimteremsha mtoto wa kike kutoka garini, pembeni ya ukuta. Mtoto akapiga hatua mbili tatu, akiyumba. Kichwa kikubwa, shingo haina nguvu.

Alimbeba Ojas akashuka ngazi za nyuma mbio. Langoni alimkuta Pallavi, mke wa kaka yake mchumba wa Garima, ambaye Rachna alikuwa akimjua kwa picha tu. Pallavi alikuwa akimlisha yule mtoto ladu harakaharaka, kama mwizi.

"Wako huyo?"

Pallavi alishtuka, akamfunika mtoto kwa ncha ya sari. Kisha akamwona Ojas. Akatazama kichwa, akatazama miguu, akaiachia ncha ya sari.

"Na wewe?"

"Na mimi."

"Mungu wangu! Na huyo binti huko ndani..."

"Shangazi yake huyu. Damu moja."

"Mama mkwe kaniambia nikimshusha garini, nisirudi kwake."

"Wangu kanipa homa tangu asubuhi."

Pallavi alicheka, na kicheko kikageuka kilio. "Dada, nyamaza, nakuomba. Pete zinavalishwa sasa hivi. Watatumaliza."

Rachna alitamani kunyamaza. Alikwisha kuzoea. Lakini kutoka uani alimsikia Garima akicheka, hana habari.

"Mbebe wako," alisema. "Mshike vizuri asianguke."

Waliingia pamoja, na mazungumzo yakakatika. Mama wakwe wawili walisimama kwa mpigo, kila mmoja macho yamemtoka kwa mjukuu wa mwenzake. Garima alikuwa ameshanyoosha kidole. Alimtazama Ojas, akamtazama yule msichana, akamgeukia mchumba wake aliyeduwaa na pete mkononi. Si mjinga Garima. Alirudisha mkono wake taratibu.

"Wifi," aliita, "yule daktari wa Delhi alisema nini juu yangu?"

"Upimwe. Nyote wawili."

"Alisema lini?"

"Mwezi uliopita."

"Na huyu mtoto wao asingetokea, ungeniacha nivae pete?"

Rachna alimwinua Ojas begani, akamtazama Garima machoni.

"Ningekuacha," alisema.