Upande wa Bibi Harusi

Baba alipofumba macho, karakana nzima ilinyamaza. Fundi wa kerezo alizima mashine yake ya kuchongea vyuma, mpiga rangi akaacha brashi ndani ya kopo, na hata wale wawili wa mlangoni waliokuwa wakibishana kuhusu mpira wakafunga midomo. Mzee alipitisha ukanda mwembamba wa karatasi kati ya rola ya wino na silinda ya chuma ya mashine mpya ya kuchapia, akauvuta taratibu kwa ncha za vidole. Ukitoka kwa ulaini, rola imelegea. Ukikatika, imebana mno. Katikati ya kulegea na kubana kuna pahali pamoja tu, na pahali hapo hapaonekani kwa macho.

"Tayari," akasema, na kazi ikaendelea.

Binti yake wa pekee, aliyekuwa akikaza boliti za miguu ya mashine ile ile, aliinamisha uso. Alijua haikuwa tayari.

Walimwita Bi Nati. Jina hilo alipewa na babu yake siku alipomkuta, angali mtoto, amevaa nati kila kidole kama pete. Moja iligoma kutoka, na babu akahangaika nayo kwa mafuta ya mashine huku akicheka mpaka machozi. Babu huyo ndiye aliyeanzisha yote. Alikuwa akitengeneza mitambo ya kuchapia ya watu wengine, akaona inavyoharibika pale pale kila mara, akatangaza bila haya kwamba yeye angeiunda vizuri zaidi. Akaiunda kweli. Ya kwanza ilikuwa na kelele za kuamsha mtaa mzima, na aliipaka kijani kwa sababu ndiyo rangi iliyobaki baada ya kupaka mlango wa nyumba. Tangu hapo mashine zote za familia ni za kijani, na wateja hudhani kuna sababu ya maana.

Kazi zote pale zingeweza kufanywa na fundi yeyote, isipokuwa kuvuta ukanda. Huo ulivutwa na mkubwa wa familia, yeye tu, mashine inapokaribia kutoka. Babu aliuvuta hadi alipolazwa. Baada yake Baba. Hakuna mashine iliyowahi kulalamikiwa, na Baba, mtu asiyejisifu kwa lolote, aliruhusu hilo moja limvimbishe kichwa kidogo.

Kisha vidole vya Baba vikaanza kufa ganzi. Asubuhi moja Bi Nati alimwona Baba ameshikilia kikombe cha chai iliyotoka kuchemka, anapiga soga, mpaka kiganja kikawa chekundu. Hakuwa na habari. Daktari alisema ni sukari, akampa dawa na maonyo, lakini ganzi haikuondoka. Baba hakulizungumza, na binti hakuliuliza. Alichofanya ni kungoja. Kila Baba alipotoka kwenda kula chakula cha mchana, Bi Nati alinyata hadi kwenye mashine, akavuta ukanda wake mwenyewe, akazungusha nati ya rola kidogo upande huu, kidogo upande ule, akaondoka kabla hajarudi. Hakuogopa lawama. Aliogopa uso wa Baba siku atakapogundua. Alimpenda mno, asingeweza kuutazama.

Ilipofika zamu ya mashine ya Mama Kadi, mteja aliyekuwa mchapaji wa kadi za harusi, Baba alikawia kuliko kawaida. Alivuta ukanda, akaurudia, akatabasamu peke yake. Bi Nati aliliona lile tabasamu, akajiambia: vidole vimerudi! Mchana alisimama mbele ya mashine na ukanda mkononi, kisha akaurudisha mfukoni. Kumkagua siku kama ile aliona ni kumvunjia heshima. Mashine ikapakiwa kwenye lori, ikaenda.

Haikupita hata wiki, Mama Kadi akaingia ofisini. Alikataa kiti, akaweka kadi mbele ya Baba.

"Mzee wangu, hebu nisomee."

Baba alivaa miwani. "Bwana harusi huyu hapa, anaonekana vizuri."

"Na bibi harusi?"

Baba aliisogeza kadi karibu na miwani. Upande wa kulia maandishi yalikuwa yamefifia kama yaliyofuliwa.

"Simwoni," Baba akakiri.

"Wala mama yake hamwoni! Harusi yenyewe Jumamosi, na yule mama anasema namletea mwanawe nuksi. Mashine yenu ni nzuri, sikatai. Ila inapendelea upande wa mwanamume."

Siku nyingine wangecheka wote. Baba aliigeuza ile kadi, akaigeuza tena. "Tangulia nyumbani, mama. Tunakuja leo hii."

Mama Kadi alipotoka, Bi Nati, aliyekuwa amesimama pembeni akisikia yote, alifunga mlango.

"Baba, kosa ni langu."

"Lako kivipi? Nani alivuta ukanda?"

"Wewe. Lakini mimi huwa..."

"Huwa unapita nyuma yangu," Baba akamalizia. "Najua, mwanangu."

Bi Nati akakalia kile kiti alichokikataa Mama Kadi. "Umejuaje?"

"Wateja walianza kuzisifu mashine zangu kuliko nilipokuwa kijana. Nikajiambia, huyu si mimi." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Siku hizi sihisi kitu chochote pale. Nafumba macho, navuta, nasema tayari, halafu nakuachia. Naenda kukaa kwa fundi viatu, ng'ambo ya barabara, nakutazama dirishani."

"Na chakula?"

"Chakula gani? Nakula nikirudi nyumbani."

Bi Nati alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akabaki na alama ya grisi shavuni. "Lakini siku ile ulitabasamu, Baba. Nikadhani vidole vimepona."

"Nilimkumbuka babu yako. Siku aliyonifundisha, nilikata kanda zote mezani, akaniuliza kama nimekuja kufanya kazi au kufungua duka la vipande." Alitazama vidole vyake. "Kumbe nimekudanganya kwa kutabasamu, nami nilipokuona umesimama pale na ukanda nikadhani umeshavuta."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa naogopa utaacha kuja. Nilipenda kukutazama, basi. Na nilikuwa naona haya."

Alilitamka hilo la mwisho kwa sauti ndogo, na Bi Nati akasimama, akamkumbatia pale pale juu ya makaratasi ya ofisi, jambo ambalo hawakuwa wamelizoea.

Chumba cha Mama Kadi kilikuwa chembamba, kinanukia wino na gundi, kadi zimeanikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Baba alipiga magoti kwa taabu kando ya mashine, akawasha tochi, akamulika rola. Bi Nati alikata ukanda, akamnyooshea Baba kwa mikono miwili, kwa adabu, kama ilivyopaswa mbele ya mteja.

"Mkubwa wa familia avute," akasema.

Baba hakuupokea. "Ndiye ninayemsubiri," akajibu.

Mama Kadi aliwatazama kwa zamu, akaamua kutouliza.

Bi Nati alifumba macho. Upande wa kushoto ukanda ulikaza kidogo, kisha ukakubali. Upande wa kulia ulitoka bure. Alizungusha nati, akavuta. Akazungusha tena, akavuta, mpaka pande zote mbili zikamjibu sawasawa. Mama Kadi alichapa kadi moja, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akalisoma jina la bibi harusi kwa sauti kubwa, kana kwamba anamtambulisha kwa wageni. Baba alicheka akikohoa, akiwa bado chini, na ikabidi wamwinue wote wawili.

Walirudi kwa miguu. Maduka yalikuwa yanaanza kufungwa, na Baba alitembea bila haraka, mikono nyuma, akitazama mabango ya watu na kukosoa herufi zilizopinda. Walipofika kwenye njia panda, pale ambapo mmoja huenda kulia na mwingine kushoto, alisimama.

"Sasa," akasema, akitazama viatu vyake, "kesho nije saa ngapi?"

Maisha yake yote Bi Nati hakuwahi kumpangia Baba saa. Alihangaika na kamba ya mfuko wa vifaa, akaifungua, akaifunga tena.

"Saa mbili," akasema hatimaye. "Njoo ukiwa umekula. Nitakuwa nimeshafungua."