Kipimo cha Mkaguzi na Kopo la Biskuti

Katika karakana nzima ya kuunda bodi za kompyuta hapakuwa na mkono wa kulehemu kama wa Bi Kioo. Hilo hakuna aliyelipinga. Ni kweli waliolehemu kwa mkono walikuwa wawili tu, yeye na jirani yake wa meza, aliyeanza kazi majuma matatu yaliyopita na bado anajiunguza vidole. Lakini wa kwanza ni wa kwanza.

Jina la Kioo alilipata kwa sababu viungo alivyolehemu viling'aa hata ungeweza kujitazama humo ukachokonoa meno. Hayo ni ya zamani. Tangu ije sheria ya mazingira iliyopiga marufuku lehemu yenye madini ya risasi, kazi yake yote ilikuwa kijivu, imefubaa kama kijiko cha mkahawa. Walielezwa kwamba risasi huingia mwilini mwa wafanyakazi, na kompyuta ikishatupwa jalalani hushuka mpaka kwenye maji ya kunywa. Bi Kioo hakuwa na ugomvi na maji ya kunywa. Ugomvi wake ulikuwa na lehemu mpya: haiyeyuki upesi, inataka moto mkali, halafu inakaa juu ya bodi kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu.

Kwa hiyo siku rola zote za lehemu ya zamani, waya mwembamba uliozungushwa kama uzi, zilipokusanywa, moja ilipotea njia. Ikaingia kwenye kopo la biskuti ambamo Bi Kioo aliweka sindano na nyuzi zake, ikajilalia humo raha mustarehe.

Msimamizi wa karakana alikuwa mkwe wake, mume wa bintiye wa pili. Alimwuliza huku akitazama sakafu, kwa heshima, "Mama, umerudisha zote?"

"Zote, mwanangu. Nibaki nazo za nini, nivae shingoni?"

Mkwe akaamini. Akatia sahihi tamko kwamba bodi mia nne za mzigo uliokuwa ukingoja kusafirishwa hazina hata chembe ya risasi.

Asilolijua ni kwamba bodi tisa zilikuwa kaidi. Bi Kioo alijaribu lehemu mpya mara tatu, ikakataa kushika, naye akafungua kopo. Tisa tu! Sasa zilikuwa ndani ya boksi la tano, safu ya juu, zikisubiri gari na cheti cha mkaguzi. Bila cheti mzigo hautoki. Na risasi ikionekana, karakana itafungiwa, watu thelathini watarudi nyumbani kutazamana, na wa kwanza kuitwa kujieleza atakuwa yule aliyetia sahihi.

Mkaguzi aliingia saa nne asubuhi. Alikuwa msichana mwembamba, koti jeupe, kifungo kimoja cha mkono kikining'inia kwa uzi mmoja. Mkononi alishika kipimo cha kugundua risasi, mfano wa kikaushio cha nywele. Alianza na feni za kufyonza moshi: akasogeza karatasi, ikavutwa, akaweka alama ya vema. Kisha akafungua boksi la kwanza, akakielekeza kipimo kwenye bodi. Taa ya kijani. La pili, kijani. Bi Kioo alikuwa ameinamia meza yake akilehemu bodi ambayo haikuhitaji kulehemiwa.

La tatu, kijani. La nne, kijani. Mkaguzi akafungua la tano, akakiinua kipimo, kikazima.

"Chaji hiyo," akasema. Akachomeka waya ukutani. Kimya. Akautikisa, na hapo kila mtu akaona umekatika shingoni.

"Pole sana," mkwe akasema. "Sasa itakuwaje?"

"Maboksi manne yanatosha kwa sheria. La tano nilitaka tu kujiridhisha." Akavuta kiti, akatoa fomu ya cheti, akaanza kuijaza. Bila kuinua kichwa akauliza, "Bibi, lehemu ya zamani mliiacha lini?"

"Mwaka mzima sijaigusa, mwanangu. Hata harufu yake nimeisahau."

Mkaguzi akaandika. Imebaki sahihi tu. Bi Kioo alianza kupumua kama binadamu. Na yule msichana, akiuviringisha waya wake, akasema, "Huu niutupe tu. Mafundi watatu wameshindwa. Wanasema haulehemeki."

"Haulehemeki?" Bi Kioo akavua miwani. "Nani kasema?"

"Mama," mkwe akasema, "mwache mgeni wetu, ana haraka."

"Hata hatakaa. Lete hapa."

Lehemu mpya ikateleza. Akajaribu tena, ikateleza tena. Mkaguzi akamtazama kwa huruma, akasema polepole, "Si neno, bibi. Hata wao vijana..."

Hilo la vijana ndilo lililoharibu. Mkono wa Bi Kioo ulikwenda wenyewe chini ya meza, ukafungua kopo, ukarudi. Mguso mmoja, moshi kidogo, basi.

"Haya. Chomeka."

Kipimo kikawaka. Mkaguzi akapiga makofi kwa furaha. "Bibi! Una mkono wa ajabu! Tazama kiungo kinavyong'aa!"

"Ndiyo maana naitwa Kioo," akasema Bi Kioo, shingo imerefuka.

Ili kuhakikisha kipimo kimepona, mkaguzi akakielekeza kwenye chuma kilichokuwa karibu. Chuma chenyewe kilikuwa kile kiungo kipya cha waya wake. Taa nyekundu. Akakisogeza, akakirudisha. Nyekundu, na mlio juu. Akakitazama kiungo, akalitazama kopo lililokuwa wazi, rola imekaa katikati ya sindano. Akaifunika kalamu yake.

"Msimamizi, lile boksi la tano nirudishie hapa mezani." Kisha akageuka. "Bibi, si umesema mwaka mzima hujaigusa?"

Mkwe, kwa mara ya kwanza tangu aoe, alimtazama mama mkwe wake machoni.

"Hiyo?" Bi Kioo akasema. "Hiyo si lehemu, mwanangu. Huo ni uzi wangu wa kushonea."

Mkaguzi akanyoosha mkono wa koti, kifungo kikining'inia mbele ya pua ya Bi Kioo.

"Vizuri," akasema. "Nishonee basi."