Watu Hawahesabiwi

Kadi za tuisheni ziliporomoka kwenye sakafu ya simenti, pa-pa-pa, na Nanzala akajua mkaza mwanawe, Linah, ameshamwamsha mtoto. Nje kulikuwa bado giza. Pale mtaani Huruma hata mama wa mandazi hajawasha jiko, lakini Nanyama, mtoto wa miaka sita, alikuwa ameketi kitandani akiulizwa rangi kwa Kiingereza kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Mama," Linah alimwambia Nanzala, "leo ni mtihani wa kuingia akademi. Bosi amenikatalia ruhusa, na babake yuko safarini kikazi, kwa hivyo utampeleka wewe. Lakini nakuomba, Kibukusu kibaki hapa nyumbani."

"Kitabaki. Hakina miguu."

Linah hakucheka. "Akianguka kwa sababu ya mambo yako ya kizamani, itabidi urudi kijijini Chepsaita. Nimechoka, Mama."

Nanzala alijua maneno hayo yametoka wapi. Yalikuwa ya Byron, mwalimu wa tuisheni, kijana mwenye tai nyembamba kama mkia wa panya, aliyekuja kila jioni kumfundisha mtoto kuongea kwa pua. Ndiye aliyesema lugha ya nyanya inachafua matamshi. Mamake Byron aliuza omena sokoni, mwanamke mwenye roho safi, na alikuwa amemlea kwa Kijaluo tupu. Ulimi wa Byron ulikuwa umeoza wapi?

Huko akademi walikuta nyasi za plastiki. Eldoret hii, ambako mvua huotesha majani hata juu ya mabati, watu walikuwa wamenunua nyasi za plastiki! Wazazi waliwafinya watoto wao na kuwanong'oneza majibu. Hakuna aliyesalimia mtu. Askari wa getini peke yake ndiye aliyemletea Nanzala kiti, kisha akapiga goti kumfunga Nanyama kamba za kiatu.

Ndani, Madam Waiyego, msimamizi wa mtihani, hakuinua macho. Nanyama alimwamkia akiwa ameinamisha kichwa, jinsi alivyofunzwa, na Madam akaandika kitu. Rangi zikapita. Maumbo yakapita. Kisha Madam akauliza kwa Kiingereza, "Nyumbani kwenu mko watu wangapi?"

Nanyama akamgeukia nyanyake, aliyemwita Kukhu. Kwao watu hawahesabiwi. Kuwahesabu ni kuwaitia msiba. Ndivyo Nanzala alivyofunzwa, na ndivyo alivyomfunza mjukuu. Na tangu wamzike Wabuge, kaka mdogo wa Nanyama, mwaka uliopita, hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kujaribu.

"Kuna Mama," mtoto akajibu kwa Kiingereza safi, "na Baba, na Kukhu, na mimi, na Wabuge."

"Sikuuliza majina. Nataka nambari."

Mtoto akamtazama tena nyanyake. Nanzala angemkubalia kwa kichwa tu, mtoto angejibu, naye angebaki Huruma. Hakumkubalia.

"Madam, kwetu watu hawahesabiwi. Muulize viazi. Muulize hayo madirisha."

"Mama, hapa si soko la viazi." Madam alicheka, akafunga faili. "Mtoto hana msingi wa hesabu. Anayefuata!"

Nanzala alimwangalia vizuri, kama anavyoangalia hindi lililooza ndani ya ganda zuri. Amesoma mpaka akasahau kusalimia, halafu akapewa kazi ya kuchagua watoto wa watu.

Jioni, Byron ndiye aliyepiga kelele kumshinda mwenye mtoto. "Si nilisema? Swali la bure kabisa! Eti mko wangapi! Hata mtoto wa nasari hakosi hilo!"

"Linah, mwanangu," Nanzala akasema polepole, "wewe ungemjibu wangapi?"

Linah alianza kukunjua vidole. Kidole cha mwisho akakikunjua, akakikunja, akakikunjua tena.

"Wanne!" Byron akamsaidia. "Si ni wanne tu?"

Linah alimtazama kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kumwona.

"Toka," akasema. "Beba kadi zako, utoke."

Asubuhi Nanzala alifunga mzigo wake. Neno la kurudi Chepsaita lilikuwa limeshasemwa, na hakutaka kukaa kwa kuhurumiwa. Linah alimbebea mkoba mpaka stejini penye matatu, Nanyama akiwa katikati yao akiongea Kibukusu bila kukatazwa.

"Nilikukosea, Mama."

"Ulikuwa umechoka. Hata hivyo mkoba umenibebea."

Linah hakuuachilia mkoba. "Usikae sana huko. Palilia mahindi yako, halafu uje. Tafadhali, Mama. Uje tena."