Barua Zilizozuiwa na Kufuli

Ujumbe uliporudishwa mara ya tatu, fundi alisukuma kiti kikagonga ukuta wa karakana ya hospitali. Kwenye skrini paliandikwa: "Umezuiwa na msimamizi. Sababu: lugha isiyofaa."

"Lugha isiyofaa!" alifoka peke yake, mbele ya mashine za dripu alizozifungua mezani.

Alikuwa fundi wa vifaa vya hospitali, na mwaka wa pili huu alikuwa kwenye kikundi kinachoandika viwango vya mashine hizo. Wanakikundi walikuwa wametawanyika katika nchi nyingi, wakijadiliana kwa barua pepe. Kila barua ilipita kwanza kwa msimamizi, ambaye walimbandika jina la Kufuli. Saa kumi jioni hiyo wangepigia kura kipengele cha milio: mlio wa dripu inayokaribia kuisha na ule wa mrija ulioziba ungekuwa karibu sawa.

Dada yake, muuguzi wa wodi ya juu, alishakutana na mashine za namna hiyo. "Nilidhani dripu inaisha tu," alimsimulia, "nikamalizia kumfunga bandeji mgonjwa wa jirani. Kumbe mrija umeziba, dawa haiingii. Nilimkuta mzee wa watu hajitambui." Walimwokoa kwa taabu.

Fundi akampigia Kufuli.

"Neno gani baya nimeandika?"

"Uzembe, dada. Umewaita wenzako wazembe."

"Nimesema kufananisha milio ni uzembe. Sijamtaja mtu!"

"Kipengele kina mwandishi wake."

"Ni nani?"

Kufuli akakohoa. "Ni mimi."

Damu ikampanda fundi kichwani. "Kumbe! Unajilinda mwenyewe, halafu unaita adabu?"

"Ukiendelea kupandisha sauti, nakata."

"Kata!"

Akakata kweli. Fundi akampigia mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima asiyependa ugomvi.

"Mama, fungua barua zilizozuiwa. Usiniamini mimi. Soma mwenyewe."

"Mwanangu, saa hizi? Kura ni saa kumi."

"Ndiyo maana nakupigia."

Saa kumi kasorobo, mwenyekiti aliwatumia wote barua kumi na tisa, hakugusa hata nukta. Saba zilitoka kwa wauguzi na mafundi ambao fundi hakuwajua, wote wakilalamikia milio ileile. Mmoja aliandika mstari mmoja tu: "Hii ni barua yangu ya sita."

Kura ikaahirishwa. Kufuli akavuliwa usimamizi, akaandika waraka mrefu kwamba amedhalilishwa, na nusu ya wanakikundi wakamtaka fundi aombe radhi. Akawajibu kwa neno moja: "Siombi."

Kisha akapanda ngazi kumpa dada yake habari.

"Kwa hiyo mlio utabadilika lini?" dada aliuliza, akivua glavu.

"Mwakani. Wakikubali."

"Mwakani!" Dada akazitupa glavu kwenye ndoo. "Mnagombania barua, mimi mpaka mwakani nikimbilie kila mlio?"

Hasira za dada yake zilikuwa za haki, na safari hii zilimwangukia fundi mwenyewe.