Roboti Langoni kwa Diwani

Mwaka wa 1996, diwani Absalom aliwaita watu wa mtaa wa Matisi, mjini Kitale, waje waone roboti yenye kamera ikiwasaka wezi wa maji ndani ya bomba la mtaa. Alikuwa bado akiwahutubia, mara televisheni iliyounganishwa na roboti ikaonyesha bomba jingine nene, limeungwa kando.

"Mheshimiwa, hiyo bomba inaenda wapi?" akauliza Premlata, mwenye duka.

Absalom alilijua vizuri, akaendelea kuhutubia. Fundi wa roboti akaiingiza humo, akaifuata kwa juu kwa kifaa cha kunasa ishara zake, akaishia kwenye lango la diwani.

"Hiyo mashine ni ya Ulaya," Absalom akasema. "Haijui njia za Kitale, bana."

Kesho yake roboti ilirudishwa Nairobi. Absalom akaendelea kumwagilia kabichi zake, watu wa Matisi wakingojea mikokoteni ya maji.