Vyura Waliochelewa Kutii

Mwaka wa sabini na nne serikali ya kijeshi ilitutunuku mkurugenzi mpya. Kapteni Muhamadi alikuwa amesimamia gereji ya jeshi, na kwa kuwa gereji nayo ina tindikali, wakubwa waliona ujuzi unatosha.

Mimi, Kaltumi, nilitunza vyura katika maabara ile ndogo ya Wandegeya na kumsaidia Dakta Tarcisio, mkemia mpole aliyebaki nchini wenzake walipokimbia. Kwa miezi minane alikuwa akiunganisha asidi amino, moja baada ya nyingine, huku umeme ukikatika kila alipokaribia kumaliza. Alitaka mnyororo wa kumi na tatu. Kumi za mwanzo ni homoni inayouamsha mwili uwe tayari kuzaa. Tatu za mwisho ni mkia unaoizuia isifanye kazi. Swali lake lilikuwa kama mwili wa chura utaukata mkia huo wenyewe. Ukikatwa, jike atataga.

Kapteni aliuliza kwa nini tumetengeneza kitu kisichofanya kazi. Dakta akamweleza kwamba kitafanya, ila kinahitaji muda. Kapteni akasema muda upo tele: wageni wa wizara watakuja Ijumaa saa nne na kuondoka saa nne u nusu.

Ijumaa tuliwadunga majike sita dawa ile, na wengine sita maji ya chumvi tu, ili tulinganishe. Wageni wakaketi. Vyura wakawatazama. Dakika ishirini zikapita kwa heshima kubwa. Ndipo Kapteni akainama juu ya mabeseni, akasema, “Tageni.”

Hakuna aliyecheka. Sote tulikuwa na watoto.

Wageni walipoondoka, Dakta alipelekwa kituoni kwa kosa la hujuma. Mimi niliamriwa nifute viti. Nilivifuta mara mbili, nikiwaza nitamwambia nini mkewe, Pélagie.

Jumamosi asubuhi nilikuta beseni la wale wa dawa limejaa mayai. Watano kati ya sita walikuwa wametaga. Wale wa maji ya chumvi hawakutaga hata yai moja. Nilitamani Dakta aone. Badala yake nilibeba ndoo ya mayai hadi ofisini kwa Kapteni, ambaye aliinama kuyaangalia.

“Kumbe walinisikia,” akasema.

Ningeweza kumweleza habari za mkia.

“Walikusikia, afande,” nikamjibu. “Ila chura husikia polepole.”

Dakta aliachiwa adhuhuri, mdomo umevimba, kwa sharti kwamba atie sahihi ripoti isemayo vyura walitaga kwa amri ya mkurugenzi. Aliisoma yote, kama msomi. Akaanza kusema kwamba wale sita wengine nao waliisikia amri hiyo hiyo. Nikamkanyaga mguu. Akatia sahihi.

Kapteni akapandishwa cheo kuwa meja, akahamishiwa shule ya wakunga.

Wiki tatu baadaye nilimsindikiza Dakta na Pélagie kwenye basi la Busia, mpakani. Alikuwa ameshona karatasi za vipimo ndani ya koti. Aliniambia ile sahihi inamuuma kuliko mdomo, akaniomba radhi kana kwamba alinikosea mimi. Nilimwambia apande, basi linajaa.